Naomba ushauri: mtoto wa mbwa mwenye kichwa kigumu, anang'ata na haitiki akiitwa

Mama Wawili, Arusha
Ndugu wanajamvi, natumaini mu wazima. Wiki 4 zilizopita tulipewa mtoto wa mbwa dume, aina ya Rhodesian Ridgeback, akiwa na wiki 6 tu, kwa kuwa mwenye mama yake alikuwa anahama. Tumemwita Doria. Nikimwita ananitazama, kisha anaendelea na shughuli zake. Nikimnyang'anya kiatu ananguruma. Na leo asubuhi, katika mchezo, amemtoboa kidole mwanangu wa miaka 6. Mlinzi wetu, mtu mzima ninayemheshimu, anasema samaki mkunje angali mbichi, yaani nimchape fimbo na kumfunga mnyororo mchana kutwa. Moyo wangu unakataa, ila sina hoja ya kumjibu, na baba watoto ameanza kusema tumgawe. Naombeni mwongozo.

Daktari wa Mifugo
Pole sana, mama. Tuanze na kidole, kwa sababu hicho hakisubiri. Jeraha la jino la mbwa, hata likiwa mkwaruzo, huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto hupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo, na wahudumu wa huko ndio wanaoamua kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Tafadhali nendeni sasa. Doria naye apate chanjo hiyo akitimiza miezi 3, na ile ya parvo, ugonjwa wa virusi unaowaharisha watoto wa mbwa, irudiwe kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16.

Kuhusu kung'ata, watoto wa mbwa hufundishana wenyewe: anayeuma kwa nguvu humliza mwenzake, na mchezo huvunjika. Doria aliondolewa kabla ya wiki 8, kwa hiyo somo hilo hakulimaliza, nanyi ndio mtakaolikamilisha. Anapong'ata, kila mtu anyamaze, asimame na kumgeuzia mgongo kwa nusu dakika, kisha mchezo uendelee kwa kitu cha kutafuna badala ya mkono. Tazameni pia usingizi wake, kwani mtoto wa umri huo hulala hata saa 18 kwa siku, na akinyimwa usingizi na watoto wanaotaka kucheza, jioni hugeuka meno matupu.

Mfugaji wa Usa River
Dada, hicho unachokiita kichwa kigumu ndicho mbwa hawa walichochaguliwa kwacho. Asili yao ni kusini mwa Afrika, ambako mbwa wa Wakhoikhoi, wenyeji wa huko, wenye mstari wa nywele zinazoota kuelekea mbele mgongoni walichanganywa na mbwa wa walowezi, na sifa za aina yao ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Kazi yao ilikuwa kumzingira simba na kumshughulisha mpaka mwindaji afike, na mbwa anayesubiri kuamriwa mbele ya simba hawezi kuishi. Doria anakutazama kwanza kwa sababu anapima kama kuja kwako kuna faida.

Basi iwepo faida. Kwa wiki 2, chakula chake chote kipite mkononi mwako, kidogo kidogo, ukilitaja jina lake kila anapokutazama machoni. Usimwite kamwe kwa ajili ya kumwogesha au kumfungia. Kwa hayo mfuate mwenyewe pale alipo. Kiatu usikinyang'anye, bali kibadilishe kwa kipande cha maini ya kuchemsha, maana kunguruma ni onyo, na ukimpiga kwa kuonya atajifunza kuuma bila kuonya. Vilevile mbebe mikononi hadi barabarani aone bodaboda, miavuli na watu wa kila namna, kwa kuwa akipita wiki ya 14 hivi, mambo mageni huanza kumtia hofu.

Babu wa Moshi
Mwanangu, mimi nilifanya kama anavyoshauri mlinzi wako. Nilimfunga mbwa wangu mnyororo tangu mdogo, nikamchapa, naye akawa mkali kweli. Lakini alipopata kupe masikioni na kuanza kudhoofika sikuweza kumpaka dawa, kwa sababu kila nilipoinua mkono alijikunja na kuonesha meno. Alikufa nikimtazama. Mwambie mlinzi akae nawe chini ampe Doria chakula kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye atakayekesha naye.

Mama Wawili, Arusha
Shikamoo babu, na asanteni nyote. Leo ni siku ya 9. Mtoto alichanjwa na kidole kimepona. Kung'ata kumepungua, ingawa saa 12 jioni bado ni shida mpaka tumlaze. Viatu tunabadilishana bila ugomvi. Mlinzi alikataa siku 3 za kwanza. Jana nimemkuta ameketi kwenye kigoda langoni, ameshika dagaa kiganjani, analiita jina la Doria kwa sauti ya chini, na Doria anakuja.