Upepo umeshatoka Buigiri

Kikundi: Familia ya Bibi (Buigiri, Dodoma Mjini, Bahi)

20:41 Shangazi Mwaja: Mbukwenyi wanangu. Huku Buigiri upepo umetupiga vibaya. Mabati mawili ya jiko yameng'oka, na mvua yenyewe bado. Radi sasa naziona upande wa Ihumwa, zinakuja kwenu

20:42 Baba Neema: Pole sana dada! Hakuna aliyeumia?

20:43 Shangazi Mwaja: Wazima. Nimeingia na wajukuu kwenye lile tembe la Babu. Halitikisiki

20:44 Baba Neema: Hapa Ipagala hata jani halichezi. Joto tu, tumekaa nje

20:46 Daudi: Baba mdogo, ingieni ndani. Ndivyo unavyoanza. Mvua inadondoka kwenye hewa yetu hii kavu, inageuka mvuke ikiwa bado angani. Hewa inapoa, inakuwa nzito, inaporomoka mpaka chini na kutapakaa mbele ya wingu. Ndiyo maana Shangazi kapata upepo kabla ya mvua. Mkisikia ubaridi wa ghafla na harufu ya vumbi, umeshafika

20:46 Daudi: Chomoeni TV na friji. Mbuzi wasibaki chini ya mti

20:47 Shangazi Mwaja: Mama yuko na nani Nkuhungu??

20:48 Baba Neema: Na Neema. Nampigia hapatikani

20:48 Shangazi Mwaja: Yale mabati ya uani si bado yameegemezwa mawe?

20:49 Baba Neema: Ndiyo. Fundi hakurudi kupiga misumari. Nachukua pikipiki

20:49 Shangazi Mwaja: USITOKE. Bati likiruka ni panga

20:50 Mjomba Yusto: Tulieni, mimi niko nyumba ya tatu kutoka kwake. Nakwenda sasa hivi

20:58 Baba Neema: Ubaridi huo

20:59 Baba Neema: Vumbi, hatuoni geti. Umeme umekatika

21:03 Daudi: Mjomba?

21:09 Daudi: Radi ikimulika hesabuni. Kila sekunde 3 mpaka ngurumo ni kama kilomita 1. Hapa Makole nimefika 2 tu

21:10 Shangazi Mwaja: Yusto jibu baba

21:31 Mjomba Yusto: Samahani, mtandao ulipotea. Mama na Neema wako kwangu, wamekunywa chai. Tulikuwa ndiyo tunavuka geti langu, tukasikia mabati yanaondoka. Mawe mawili yameangukia kitanda cha Neema

21:31 Shangazi Mwaja: Ee Mungu wangu. Asante. Asante mdogo wangu

21:32 Baba Neema: Nimeshindwa hata kuandika. Mwanangu hajaguswa?

21:33 Mjomba Yusto: Hajaguswa. Yuko hapa, kamshika Bibi mkono

21:34 Daudi: Kaka Bahi, upepo unakuja kwako

21:35 Kaka Bahi: Nimesoma yote. Mbuzi wako ndani, nimewagongea na majirani

21:52 Baba Neema: Kesho saa 12 asubuhi tukutane kwa Mama. Nakuja na misumari ya bati na waya wa kufungia kenchi. Yale mawe hayapandi tena juu

21:53 Shangazi Mwaja: Nami napanda gari la kwanza