Tupeane uzoefu: kuingia kwa boti kwenye ghuba, lagoni na mapango ya bahari

Mwanzisha mada
Wakuu, habari zenu. Kila safari za boti visiwani zikitajwa, watu huuliza wapi kunapendeza zaidi. Mimi huuliza kwanza: saa ngapi? Kwa sababu mapango mengi ya bahari yana mlango unaofungwa na maji yenyewe.

Naanza na Ghuba ya Phang Nga, Thailand. Imejaa visiwa vya mawe ya chokaa vilivyochomoza wima kutoka majini, na ndani ya baadhi yake kuna lagoni, yaani kidimbwi cha maji ya bahari kilichozungukwa na jabali, ambayo ukiwa nje huwezi hata kuidhania. Unaona jabali tu. Njia ni pango lililo usawa wa bahari. Boti kubwa inabaki nje, mnashukia kwenye kayaki (mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi), mwongozaji anakaa nyuma na kafi lake.

Tuliingia maji yakipwa. Giza totoro, tochi moja tu kichwani kwa mwongozaji, harufu ya kinyesi cha popo. Mahali fulani paa likashuka mpaka tukalala chali, mikono ndani ya kayaki, na chaza waliong'ang'ania mwambani wakapita juu ya uso wangu kiasi cha kuhesabika mmoja mmoja. Wale wanakata vibaya, usijaribu kusukuma jabali kwa kiganja. Halafu ghafla mwanga: ukuta umetuzunguka pande zote, mikoko katikati, anga juu. Zamani pale palikuwa na pango lenye paa. Maji yalikula chokaa miaka na miaka, paa likaporomoka.

Nilitaka tukae. Mwongozaji alikuwa anatazama mstari wa unyevu ukutani, akasema basi, tutoke. Yakijaa mno njia inazibwa, yakipwa mno kayaki inakwama kwenye tope. Hapo katikati ndipo penye nafasi, na ni fupi. Haya, nanyi leteni zenu.

Baharia Mstaafu
Mkuu, umesema vizuri ila si kila mahali kupwa na kujaa ndiko kunakoamua. Bahari ya Mediterania maji hupanda na kushuka kidogo sana. Kule mwenye amri ni wimbi.

Meli yetu ilipotia nanga Napoli, Italia, nilivuka hadi kisiwa cha Capri kuona lile pango la buluu, Grotta Azzurra. Mlango wake una upana wa mita 2 hivi, na kimo juu ya maji ni kama mita 1. Liko upande wa kaskazini-magharibi mwa kisiwa, kwa hiyo upepo wa upande huo ukianza kuvuma, linafungwa. Siku ya kwanza tulirudishwa, ingawa kwa macho yangu bahari ilikuwa shwari. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilimheshimu yule mpiga makasia, maana kwenye mlango wa kimo kile wimbi la nusu mita tu linatosha kumpasua mtu kichwa.

Kesho yake tukaingia. Abiria wote mnalala sakafuni mwa mtumbwi. Mwenye mtumbwi anashika mnyororo uliofungwa mwambani, anasubiri wimbi lishuke, kisha anavuta mara moja kwa nguvu. Ndani maji yanang'aa buluu kutokea chini. Sababu ni kwamba chini ya ule mlango kuna uwazi mwingine mkubwa uliozama. Jua linapita humo, maji yanameza rangi nyekundu, buluu inabaki. Nilitumbukiza mkono, ukawa kama wa fedha.

Kafi Mkononi
Ha Long, Vietnam, nitasema kifupi. Visiwa vinakaribia 1,600, vingi ni majabali matupu. Msitosheke na kukaa juu ya meli mkipiga picha. Shukeni, pigeni kafi. Kuna upenyo mmoja, Hang Luon, unapita chini ya jabali na kutokea lagoni iliyotulia kabisa. Meli haifiki humo.

Mama Wawili
Mimi nataka tuzungumzie nanga. Ghuba ya Maya, kule kisiwa cha Phi Phi Leh, Thailand, ilifungwa mwaka 2018 kwa sababu boti na watu walizidi na matumbawe yakaharibika. Ilifunguliwa tena Januari 2022, na boti haziruhusiwi kuingia ndani ya ghuba. Unashukia upande wa nyuma, ghuba ya Loh Samah, unatembea kwa miguu. Nilipofika nilikuta wengine wanalalamika kwamba hawaruhusiwi kuogelea. Mimi nilifurahi sana. Papa wadogo wenye ncha nyeusi za mapezi walikuwa wanapita karibu na ufukwe, maji ya magotini. Nanga moja ikiburutwa inavunja tumbawe lililokua kwa miongo. Muulizeni nahodha kabla hamjaondoka: unafunga kwenye boya au unatupa nanga?

Mgeni Mpya
Asanteni. Sijui kuogelea. Nijaribu?

Mwanzisha mada
Baharia, nimekubali, wimbi nililisahau.

Mgeni, lagoni iliyokingwa na jabali, ukiwa umevaa jaketi la kujiokolea lililofungwa mikanda yote, nenda. Pango linalopokea mawimbi ya bahari kuu, acha kwanza. Wimbi likiingia kwenye pango jembamba halina pa kutawanyikia, linapanda.

Tena usifuate saa ya mtu aliyekwenda wiki iliyopita. Kujaa huchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo baada ya wiki moja saa tatu asubuhi iliyokuwa ya maji kujaa inakuwa ya maji kupwa. Na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi na mkondo mlangoni unakuwa mkali. Angalia jedwali la maji la siku yako, na mahali pako. Umepanga kwenda wapi?