Gemu la gololi la Windows XP: vyeo mnapandaje?

mzee_wa_stoo: Wakuu, heshima kwenu. Stoo ninayofanyia kazi kuna kompyuta ya zamani ya Windows XP, haina hata intaneti. Burudani yetu ni lile gemu la gololi (pinball), Space Cadet. Natwanga vibao vyote viwili vya chini, vile vya kupigia gololi, mpaka vidole vinauma. Pointi zinapanda ila cheo hakisogei, Cadet tu, cheo cha chini kabisa, kila siku. Nikitikisa meza sana inaandika TILT, vibao vinakufa, gololi inapita katikati huku naiangalia. Siri ni nini?

dada_springi: Acha kutwanga, mkuu. Gololi ikija taratibu, inua kibao kimoja ukishikilie juu. Itatulia pale kwenye kona. Achia, iteremke, ndipo upige. Ukiwahi, inapanda upande ule ule. Ukiisubiri ifike nchani, inakata kwenda upande wa pili. Na usiinue vibao vyote kwa pamoja, unafungua geti mwenyewe.

Cheo hakiji kwa pointi. Gonga kwanza shabaha za misheni, kisha pandisha gololi kwenye njia ya Launch ili uikubali. Anza na Launch Training: unapanda njia hiyo hiyo mara tatu, basi. Kila misheni inawasha taa za duara la katikati; duara likijaa unapanda cheo. Angalia na taa za mafuta, zikizimika zote misheni imekufa.

Kuhusu TILT, niko Chicago, mashine halisi za gololi zimetengenezwa hapa miaka mingi, na nimeona moja ikifunguliwa. Ndani unaning'inia uzito mdogo katikati ya pete ya chuma. Ukisukuma kwa adabu hauigusi pete. Ukisukuma kwa hasira unaigusa, umeme unapita, vibao vinakufa na gololi hiyo imekwenda. Kusukuma kidogo ni halali kabisa, tena ni nusu ya ufundi.

kobe_mjini: Ufundi gani bwana? Hayo ni mabonanza tu yenye gololi. Bahati.

dada_springi: @kobe_mjini hata New York walisema hivyo, wakazipiga marufuku mashine za gololi kama kamari. Na zamani walikuwa na hoja, maana vibao vya kupigia vilikuja 1947 na mashine ya kampuni ya Gottlieb iitwayo Humpty Dumpty. Kabla ya hapo ukisharusha gololi, kilichobaki ni kutikisa na kuomba Mungu. Mwaka 1976 mchezaji stadi, Roger Sharpe, akacheza mbele ya madiwani, akataja kabisa njia ambayo gololi itapita, na ikapita. Marufuku ikaondolewa. Bonanza lako litaje sarafu itadondokea wapi tuone.

mzee_wa_stoo: 😂😂 Dada, nimeshikilia kibao kama ulivyosema, kweli inatulia. Launch Training imekubali. Sasa mafuta yanajazwa wapi?

dada_springi: Pitisha gololi kwenye mfereji wa mafuta, juu ya zile taa zenyewe. Ukiona zimebaki mbili, achana na misheni kwanza, ukajaze.