Oili nyeusi inatoka nyuma ya tairi la mbele: nijaze grisi au nifungue?

Matope_Magotini
Wakuu, habari za majukumu. Nina Land Cruiser HZJ75, ile ya eksli nzima mbele na hubu za kufunga kwa mkono (vifungo vya katikati ya tairi za mbele, vinavyounganisha tairi na shafti). Lile bakuli la chuma nyuma ya tairi la mbele kushoto linatoa kitu cheusi, chepesi kuliko grisi, kizito kuliko oili, na kina harufu kali ya oili ya difu (boksi la gia katikati ya eksli, linalogawa mzunguko kwa tairi mbili). Halafu nikiwa kwenye fowili (tairi zote nne zikivuta) na nimekata usukani mpaka mwisho, nasikia ka-ka-ka. Fundi kaniambia nifungue nati ya juu ya bakuli, nijaze grisi, nisahau. Ni sawa?

Kijana_wa_Spana
Jaza grisi mkuu, usijitese. Gari ya zamani ukiona haivuji ujue oili imeisha.

Mzee_Grisi
Kijana, utani huo tunaujua, ila hapa utamponza mwenzio.

Matope, sikiliza. Difu inakaa na oili, bakuli linakaa na grisi. Kinachozitenganisha ni sili moja tu, raba ya kuzuia oili, iko mwisho wa bomba la eksli, na shafti inayozungusha tairi inapita katikati yake. Sili hiyo ikichoka, oili inahamia kwenye bakuli na kuikoroga grisi mpaka inakuwa uji. Huo uji ndio unaouona, umeshapita na ile raba ya nje inayofuta tufe la mwisho wa eksli, lile lililofunikwa na bakuli. Sasa ukijaza grisi mpya nayo itakorogwa vile vile, na difu huku inazidi kukauka.

Kwa hiyo leo, kabla ya kununua chochote, pima difu. Anza na nati ya kujazia, usianze na ya kumwagia. Ukishamwaga oili ndipo ugundue ya juu imeng'ang'ana, gari imelala hapo hapo. Oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Kisha kagua tundu la kupumulia juu ya eksli. Likiziba, joto linajenga presha ndani na oili inasukumwa hata kwenye sili nzima. Na ukiingia mtoni difu ikiwa ya moto, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia sili hizo hizo.

Huo mlio ni sivi jointi, kiungo cha shafti ndani ya bakuli kinachozungusha tairi hata ukikata usukani. Ndani kuna gololi sita zinazotembea kwenye mifereji, na mifereji inalika zaidi upande unaobeba mzigo wa kwenda mbele. Mafundi wa zamani wanahamisha jointi ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, ili mzigo uangukie upande ambao haujalika. Nasema jointi, siyo shafti, maana shafti hazilingani urefu. Inakusogeza mbele kidogo; jointi iliyolika sana ni ya kubadilisha.

Ukifungua hubu utakuta washa za koni kwenye stadi (bolti zilizosimama). Usizichokonoe kwa bisibisi. Gonga kwa nyundo ya shaba, zitaruka zenyewe. Nati kubwa ya ndani inataka soketi ya milimita 54. Kwenye beringi za juu na chini za bakuli kuna shimu nyembamba, vibati vya kurekebisha nafasi. Za juu zirudi juu, za chini zirudi chini. Ukizichanganya, shafti haikai katikati, na sili mpya italiwa upande mmoja.

Kabla ya kuweka sili pitisha ukucha kwenye shafti pale midomo ya sili inapokaa. Ukucha ukinasa, pamechimbika, na sili mpya hapo ni hela ya bure. Wakati wa kurudisha, ibebe shafti kwa mikono miwili, maana meno yake yakiburuzika kwenye sili yanaikata.

Matope_Magotini
Shikamoo mzee. Nimeingiza kidole kwenye difu, sikugusa oili kabisa, na tundu la kupumulia limejaa udongo. Nafungua wikiendi. Hubu je, nizifunge muda wote?

Mzee_Grisi
Marahaba. Unaona sasa! Usiiendeshe hivyo, jaza difu kwanza.

Hubu ziache wazi ukiwa kwenye lami kavu, shafti za mbele zipumzike. Ila mwili usioutumia unaganda: Toyota wenyewe wanaagiza kwenye vitabu vyao uingize fowili angalau kilomita 16 kila mwezi, oili izunguke. Fanya hivyo kwenye vumbi au matope. Gari yako haina difu ya kati, ya kuruhusu mbele na nyuma zizunguke kwa mwendo tofauti, na kwenye kona tairi za mbele zinatembea njia ndefu kuliko za nyuma. Juu ya lami haziwezi kuteleza kidogo zikajilegeza, basi shafti zinajisokota na gia ya fowili inagoma kutoka. Ikigoma, rudi nyuma mita chache, itaachia.

Propela shafti ya mbele, ile inayopeleka mzunguko kwenye difu ya mbele, nayo ina nipo (vitundu vya kujazia grisi) kwenye krosi, yaani viungo vyake. Watu wengi wanapaka ya nyuma tu.

Na hubu funga zote mbili au fungua zote mbili. Ukifunga moja, difu inapeleka mzunguko wote upande uliofunguliwa, shafti inazunguka bure na tairi halipati kitu.