Sanduku la Samweli
(Kikundi cha WhatsApp: Nyumba ya Jaja, yaani Bibi, Walukuba – Jinja, Uganda)

Mama Debora: 📷 Watoto wameondoka salama kwenda shule ya bweni. Mwombeeni Debora wangu, ndiyo kaanza sekondari, Senior One!

Lidia: Amina! Sanduku linang'aa mpaka najiona sura 😂

Mjomba Petero: Mungu awatangulie.

Lidia: Ila wifi, huyo nyuma mwenye godoro la kamba si Samweli? Mbona sanduku lake lina jina la baba yake?

Mama Debora: La zamani lakini zima. Kufuli tu ndilo bovu.

Lidia: Na yeye si Senior One?

Mama Debora: Wifi usianze. Samweli ana mama yake huko Mbale, naye achangie. Namlisha, namfulia, sijawahi kumpiga. Mnataka nini tena?

Lidia: Baba Debora, tiki za bluu nimeziona. Umesoma.

Baba Debora: Niko barabarani.

Mjomba Petero: Haya tuyaongee nyumbani jamani.

Yosia: Mjomba, nyumbani hatuyaongei, ndiyo maana nayaandika hapa. Shemeji, sikulaumu. Mimi nililetwa nyumba hii na miaka 6, nguo zangu kwenye kavera la plastiki. Wote mnajua Jaja hakunizaa ila hakuna anayelitaja. Kuku akichinjwa wenzangu paja, mimi shingo. Hakuna aliyenitukana. Ila kila Krismasi shingo. Nikiwa Primary 6 nikakutana na Yeftha, Waamuzi 11, ndugu zake wanamfukuza kwa sababu ni mtoto wa mwanamke mwingine. Nikasema kumbe tuko wengi. Zaburi 27:10 niliiandika kwa kalamu ndani ya kifuniko cha sanduku langu, kwamba hata baba na mama wakiniacha Bwana atanipokea. Ilinishika nisikimbie. Kusamehe kulikuja baadaye sana, tena kwa vipande vipande.

Mama Debora: Sasa nimekuwa mchawi.

Mjomba Petero: Hakuna aliyesema hivyo, binti yangu.

Lidia: Hata Yakobo, wifi. Baba yake alimpenda Esau, uchungu ule aliujua. Akaja kuzaa, kanzu nzuri akampa Yusufu peke yake.

Yosia: Na Yusufu naye akishakuwa mkubwa Misri, sahani ya Benyamini akaijaza mara tano ya wenzake 😂 Mwanzo 43:34.

Mjomba Petero: Hiyo imo kweli? Ngoja nitafute miwani.

Rutu: Jaja ametuma sauti, anasema niwaandikie:
"Yosia anasema kweli, shingo nilimpa mimi. Simchukii, ila nikimtazama namwona mama yake. Jumapili moja mchungaji akahubiri Lea mke wa Yakobo, kwamba Bwana aliona hapendwi. Nikalia kanisani, nikijihurumia, nikijua Lea ni mimi. Njiani kurudi nikajiuliza, na kwangu Lea ni nani? Siku hiyo nikampa mtoto paja. Akalikataa! Alidhani namtega. Mwaka mzima ulipita ndipo akalila bila kunichungulia usoni."

Yosia: Lilikuwa na chumvi nyingi, Jaja 😅

Rutu: Anacheka. Anasema chumvi ilikuwa machozi.

(dakika arobaini hivi kimya)

Mama Debora: Nimeikuza ile picha. Mnajua aliyebeba sanduku la Debora mpaka kwenye teksi ni Samweli? La kwake liko chini, amelirudia mwisho. Nilikuwa nimesimama palepale na sikuona.

Lidia: Pole wifi.

Baba Debora: Kesho nitapitia sokoni.

Lidia: Kununua kufuli?

Baba Debora: Sanduku. Na godoro.

Mama Debora: Hapana, Baba Debora. Wewe tuma pesa tu. Likitoka mkononi mwako litakuwa la baba. Siku ya kuwatembelea nalipeleka mimi.

Rutu: Jaja anasema akilikataa usikasirike.

Mama Debora: Mwambie nimesikia. Na aniambie Samweli anapenda rangi gani, maana mimi sijui.

Yosia: Kijani.