Mnaita "familia yote" mbele, halafu mnanitoa kwenye mstari wa komunyo jeneza la mama mkwe likiwa pale!

Mbukwenyi wana Dodoma, na wakuu wengine wote. Siku ya tisa hii sijalala vizuri. Leo nasema.

Mimi ni Muanglikana, mzaliwa wa Mvumi, nimebatizwa na kupata kipaimara hukohuko. Mume wangu ni Mkatoliki. Ndoa yetu ya mseto ilifungwa kanisani kwao kwa ruhusa ya askofu, cheti kipo. Jumapili kila mtu huenda kwao na hatujawahi kugombana.

Mama mkwe amefariki. Miezi saba nimemuogesha na kumlisha uji kwa kijiko. Misa ya mazishi ilikuwa kijijini, upande wa Bahi, parokia siitaji. Wakati wa komunyo mwongozaji akashika kipaza sauti: "Familia ya marehemu itangulie, yote." Yote! Nikasimama nyuma ya wifi zangu. Wamebaki watu wawili mbele yangu, katekista akanivuta mtandio: "Wewe mama wa Anglikana, rudi ukakae." Kwa sauti, binti yangu wa miaka minane kanishika mkono.

Wanaojua vijijini wanajua kilichofuata. Kule asiyekomunika huhesabiwa ana kasoro ya ndoa. Hatujafika hata makaburini, akina mama wanaulizana kama kweli nimeolewa. Usiku binti akaniuliza, "Mama, ulifanya dhambi gani?"

Msije kunipigia kelele kwamba Wakatoliki wana sheria yao. Nimeisoma. Kanuni ya 844, Sheria za Kanisa za mwaka 1983. Waorthodoksi wanaweza kupewa wakiomba wenyewe na wakiwa na maandalizi mema. Sisi wengine mpaka hatari ya kufa, au hitaji zito kwa uamuzi wa askofu, tena uwe huwezi kumpata mhudumu wa kwenu, uombe mwenyewe, na uiamini Ekaristi kama wanavyoiamini wao. Sikuwa na sifa hizo, nakubali. Kwao kupokea pamoja ni alama ya kuwa kanisa moja, na umoja huo bado. Naliheshimu hilo. Wasabato wao humkaribisha kila Mkristo aliyejitoa kwa Kristo, baada ya kutawadhana miguu. Kila nyumba na utaratibu wake.

Lakini kwa nini niisome kwenye simu BAADA ya kuaibishwa? Kwenye mafundisho ya ndoa tulielezwa watoto wabatizwe wapi, habari ya komunyo hakuna aliyeigusa. Hata mume wangu hakujua kwamba kanuni hiyohiyo inamzuia yeye kushiriki kwetu! Kwenye harusi ya watu wengine, parokia moja ya mjini, nilimsikia padri akitangaza mapema: Wakatoliki waliojiandaa wapite, wengine tubaki tukisali, au tuje tumekunja mikono kifuani tupate baraka. Haikuchukua hata dakika, na hakuna aliyeaibika.

Mume wangu kaenda kulalamika, kajibiwa katekista "alikuwa analinda sakramenti". Kwa kumvuta mfiwa mtandio?

Misa ya arobaini ni mwezi ujao, na nitakwenda, yule ni mama yangu. Nataka tangazo litolewe kabla ya komunyo, na katekista aombe radhi mbele ya walewale walionisikia nikirudishwa, aanze na binti yangu. Wenye ndoa za mseto, kwenu yalikuwaje?