Walukuba Damu Moja: Jumatatu ya Rook's Rest

*Jumatatu, 8 Julai 2024*

[05:03] Swaibu: Mko macho??

[05:03] Swaibu: Wallahi nimesimama katikati ya sebule na blanketi begani sijui niketi wapi

[05:04] Zaitun: Innalillahi. Innalillahi wainna ilaihi rajiun

[05:05] Shamim: Swaibu Zaitun MSISEME KITU. Huku Ntinda stima imepotea ile dakika joka jekundu linatoka tu, tivii imezima mimi nimebaki na giza na mbu

[05:06] Swaibu: Pole dada. Sisemi. Ila tafuta leso

[05:06] Shamim: si hiyo ndiyo kusema kwenyewe!!!

[05:07] Shamim: natoka kwa grupu mpaka jioni. Nikirudi nikute mmejadili bei ya mahindi

[06:12] Shangazi Rehema: Asalaam aleikum. Nani amekufa? Nimemaliza kuswali nashika simu nakuta innalillahi ya Zaitun, miguu imeisha nguvu, nimempigia Juma hashiki, nimempigia mama Shamim hashiki, semeni haraka ni nani

[06:14] Zaitun: Yalaa shangazi samahani sana 😭 ni Rhaenys. Wa kwenye ile tamthilia ya House of the Dragon

[06:15] Shangazi Rehema: Nyie watoto mtakuja kuniua

[06:15] Shangazi Rehema: Rhaenys yupi, yule mama mtu mzima wa nywele nyeupe, mke wa nahodha wa meli?

[06:16] Zaitun: Huyohuyo

[06:18] Shangazi Rehema: Banange! Huyo ndiye pekee mle ndani mwenye akili. Wengine wote wanagombea kiti kama watu wa mirathi. Haya nieleze, flashi mtaniletea lini sijui, nieleze tu

[06:31] Zaitun: Kale shangazi, nikuanzie mbali kidogo. Yule Criston Cole sasa ndiye Mkono wa Mfalme Aegon, yaani msaidizi wake mkuu, anatembea na jeshi anachukua ngome moja baada ya nyingine, Duskendale akamkata kichwa bwana wa pale mbele ya watu. Halafu badala ya kwenda ngome ya Harrenhal kwa Daemon, mume wa Rhaenyra, anageuka anaenda Rook's Rest, kingome kidogo tu pembeni ya bahari. Anashambulia MCHANA KWEUPE. Hata Gwayne, kaka yake Alicent mama wa mfalme, anamuuliza wewe una wazimu, joka likija tutajificha wapi. Huku Dragonstone kwa Rhaenyra, dada wa mfalme anayegombea kiti naye, wamekaa kikao, Rhaenyra anataka kwenda mwenyewe, wakakataa, ndipo Rhaenys akasema nitumeni mimi. Kwa sauti ileile yake ya kawaida, kama anaenda sokoni kununua matooke. Akamshika joka lake Meleys shingoni, akapanda

[06:33] Shangazi Rehema: Na mumewe?

[06:35] Zaitun: Kabla ya hapo alikuwa amekutana na yule kijana baharia, Alyn, aliyemtoa mumewe Corlys majini. Rhaenys alijua palepale ni mtoto wa nje wa mumewe. Hakupiga kelele, hakumtukana. Alimwambia mumewe kijana kama huyo anastahili kuinuliwa, si kufichwa

[06:37] Shangazi Rehema: Mmmh. Mimi ningemwaga chai ya moto kwanza, heshima baadaye

[06:38] Mama Shamim: 😂😂 wifi asubuhi yote hii

[06:52] Afande Mzee: Habari za asubuhi familia. Nimeiona yote, Zaitun aliniamsha. Niseme kama mtu aliyevaa gwanda miaka mingi. Ile haikuwa vita ile ilikuwa AMBUSHI. Na ilipangwa vizuri sana mimi nimempigia saluti huyo Cole ingawa tabia yake ni mbovu. Unachagua shabaha ndogo isiyo na maana ili adui ajione lazima aje kuokoa, unashambulia mchana ili akuone, unakubali watu wako waungue kwanza, na silaha yako kubwa umeificha msituni nyuma ya mgongo wako haitingishiki. Vhagar, joka la Aemond mdogo wa mfalme, mkubwa vile amelala katikati ya miti kama kilima. Mnakumbuka wiki iliyopita yule msichana Baela na joka lake aliwakimbiza Cole na wenzake wakaingia chini ya miti kama kuku wakiona mwewe? Pale ndipo alipopata somo. Makosa ni ya upande wa Rhaenyra, unatumaje ndege moja bila kupeleleza kwanza

[06:54] Swaibu: Baba mkubwa ni joka si ndege

[06:54] Afande Mzee: Kinachoruka na kutoa moto ni ndege ya kivita. Usinifundishe

[07:20] Juma Busia: Nimeamka naona misdi koli za mama. Kumbe ni filamu. Mimi msinihesabu, mimi nangoja itoke ile inayotafsiriwa na VJ

[07:22] Zaitun: Juma kweli wewe unaangalia ukoo wa Targaryen kwa VJ?

[07:26] Juma Busia: Sasa shida iko wapi. Huku kwenye kibanda chetu VJ akifanya kazi unaelewa kila kitu, anakwambia huyu ni shemeji wa yule, huyu usimwamini atamsaliti mwenzake kesho, na joka akalipa jina la diwani fulani kibanda kizima kinaanguka kwa kicheko. Ile yenu ya Kiingereza wananong'ona gizani nusu saa majina yote yanaanza na Rhae, mimi ni dereva wa lori nimechoka sitaki mtihani. Kina VJ Jingo hawakupata umaarufu bure

[07:28] Afande Mzee: Hapo Juma ana pointi. Aegon yuko wangapi mle ndani?

[07:29] Zaitun: Wengi baba. Wengi mno

[08:05] Mama Shamim: Mimi ya majoka niliangalia kwa jicho moja nakaanga chapati, kilichoniuma ni yule mama Alicent. Mwanawe mfalme anakuja kwake amevunjika, mtoto wake mdogo amechinjwa kitandani juzijuzi tu, barazani mdogo wake amemwaibisha mbele ya wazee kwa kuongea naye Kivalyria, lugha ya zamani ya ukoo wao, akijua wazi kaka hawezi, mfalme mzima anajibu kwa kuokoteza maneno kama mtoto wa nasari. Anakwenda kwa mama atafute neno. Mama anamjibu nini? Kinachotakiwa kwako ni kutofanya KITU. Nilizima jiko. Unamwambiaje mtoto hivyo? Kijana akaondoka, akanywa pombe, akavaa chuma, akapanda joka akaenda vitani amelewa hivyohivyo. Kwangu mimi aliyemchoma Aegon si mdogo wake peke yake

[08:07] Shangazi Rehema: Ngoja. Aegon amechomwa? Na nani??

[08:07] Swaibu: Zaitun si umesimulia ukaacha katikati

[08:08] Zaitun: nilikuwa naoga!!

[08:19] Swaibu: Shangazi namalizia mimi. Mpango wa Cole na Aemond ulikuwa Rhaenys aje, Vhagar atoke msituni amalize kazi. Mfalme hakuambiwa. Sasa Rhaenys amefika anachoma wanajeshi, mara juu mawinguni joka la dhahabu, Sunfyre, huyo Aegon anakuja anapepesuka anacheka, wanajeshi chini wanashangilia mfalme wetu mfalme wetu. Aemond anaona. Anakaa palepale. Meleys anamshika Sunfyre anamchanachana, Aegon huyo anapiga kelele, Aemond bado. Ndipo anatoka na lile lizee lake, Aegon anamwona mdogo wake anakuja uso unang'aa kabisa, anajua ameokolewa. Halafu Aemond anasema dracarys, amri ya kutema moto

[08:20] Swaibu: Moto ukawala wote wawili, joka na joka, kaka na adui

[08:22] Shangazi Rehema: La haula

[08:25] Juma Busia: mimi namtetea Aemond. Vitani ukipata nafasi unapiga, yule mlevi aliingia mwenyewe kwenye mstari wa moto hakuitwa na mtu. Mjomba si ndivyo?

[08:31] Afande Mzee: Si ndivyo. Kumpiga mwenzako kwa bahati mbaya kupo, nimeona, mtu analia mpaka leo. Lakini yule hakulia. Vita ilipoisha Cole alipozinduka, maana Vhagar aliposhuka alikanyaga hata askari wao wenyewe na Cole akapoteza fahamu, anatembea kwenye majivu, anamgusa askari ameegemea, yule anaporomoka, ndani ya chuma ni jivu tupu. Anafika kwenye shimo anamkuta Aemond amesimama na UPANGA NJE mbele ya kaka yake. Upanga wa nini? Adui amekwisha. Ukimwona mwenzako ameanguka unachomoa bandeji huchomoi upanga

[08:32] Juma Busia: labda alikuwa anahakikisha usalama

[08:32] Afande Mzee: Juma endesha lori

[08:40] Zaitun: Na akaokota kile kisu cha Aegon Mshindi, kile cha unabii. Akaurudisha upanga alani vizuri tu akaondoka na kisu. Na mimi siwezi kusahau Aegon na wenzake walimfanyia nini utotoni, walimpa NGURUWE mwenye mabawa ya kubandika wakamwambia hilo ndilo joka lako. Halafu wiki iliyopita tu Aegon na walevi wenzake wamemkuta kwa yule mama kwenye danguro uchi wakamcheka mpaka basi. Simtetei, lakini hesabu ilikuwa inaandikwa muda mrefu

[08:44] Mama Shamim: Na aliyeisoma hesabu hiyo akanyamaza ni mama yao. Narudi palepale

[09:15] Shangazi Rehema: Bado hamjaniambia Rhaenys amekufaje, mnalia na hao wavulana tu

[09:30] Zaitun: Shangazi hii ndiyo sehemu yenyewe. Sunfyre ameanguka, njia iko wazi, Meleys ni mwepesi na Vhagar ni mzee mzito. Angeweza kwenda zake. Rhaenys akatazama nyuma. Anapumua. Unaona kabisa anahesabu. Halafu akageuza joka akarudi. Wakakamatana angani, wakaachana, akadhani amempoteza, akapita juu ya ngome, kumbe Vhagar yuko chini amejibana nyuma ya ukuta, akaruka juu akamdaka Meleys shingo. Meleys aligeuza macho akamtazama Rhaenys, shangazi, lile jicho, kisha likafifia. Rhaenys hakupiga hata ukelele. Aliachia kamba akaenda nalo chini

[09:32] Shangazi Rehema: Kwa nini alirudi jamani, alikuwa na wajukuu

[09:34] Swaibu: hapo ndipo sielewi na mimi, ni kujiua tu na ujasiri wa bure. Rhaenyra amebaki bila joka kubwa la kupambana

[09:41] Zaitun: Swaibu wewe unajua Vhagar lilikuwa la nani kabla ya Aemond?

[09:41] Swaibu: la Malkia Visenya, zamani za Aegon Mshindi

[09:43] Zaitun: Halafu?

[09:46] Zaitun: Halafu la LAENA. Binti yake Rhaenys mwenyewe. Sizoni ya kwanza, Laena uzazi umemshinda akatoka nje akaliambia Vhagar limchome. Usiku wa mazishi yake Aemond akaenda kimyakimya akalipanda, watoto wa marehemu wanalia ndani. Kwa hiyo Rhaenys alikuwa anapigana na joka la mwanawe. Na ndilo hilohilo lililomuua Lucerys, mwana wa Rhaenyra. Akiondoka leo, kesho litamfuata Baela. Mjukuu huyo shangazi uliyeuliza

[09:47] Shangazi Rehema: 😭😭😭

[09:47] Swaibu: nyamazeni kidogo

[09:49] Swaibu: hiyo sikuiunganisha kabisa

[09:55] Shangazi Rehema: Huyu mama walimnyima kiti kwa sababu ni mwanamke, baraza zima la mabwana Harrenhal likampa binamu yake Viserys. Hakuanzisha vita. Siku ya kumtawaza Aegon akatoboa sakafu na joka lake, wote wako mbele yake, mama, wana, akida, neno moja tu angewamaliza, akawaacha. Leo hao hao ndio wamemwekea mtego. Mimi sitaki kusikia neno ujasiri wa bure hapa

[10:02] Afande Mzee: Kwa heshima dada yangu, ile siku ya sakafu angechoma. Vita ingeisha kabla ya kuanza

[10:03] Shangazi Rehema: Na wale raia waliojaa mle ndani?

[10:04] Mama Shamim: raia kadhaa aliwakanyaga akitoka wifi, tuseme ukweli

[10:09] Shangazi Rehema: Mimi naenda kuanika nguo

[10:30] Zaitun: Ila aliyesoma kitabu cha Martin, mwandishi wa hadithi hii, anajua pale Rook's Rest ndugu wawili walikuja pamoja kumshambulia Meleys, hii ya kaka kuchomwa kwa makusudi ni ya tivii. Na tena huko mbele

[10:30] Zaitun: *[Ujumbe huu umefutwa]*

[10:31] Swaibu: nimeuona. Nimeuona Zaitun

[10:31] Juma Busia: amesema nini amesema nini

[10:32] Mama Shamim: Zaitun mkishaanza spoila nawatoa mmoja mmoja, mimi ndiye admini

[19:48] Shamim: Stima imerudi. Nimeangalia. Sasa nasoma grupu kutoka juu na nimegundua nyinyi nyote mmepita juu ya Daemon kama hayupo, mwanaume anaota anamkata kichwa mkewe enzi za usichana wake, anaamka anatembea kwenye ngome inavuja maji, yule mganga Alys anampa vinywaji anakunywa tu bila kuuliza kuna nini ndani, HAMNA HATA MMOJA

[19:50] Swaibu: Daemon anachosha, angekuwa na kazi angekuwa Rook's Rest

[19:58] Shamim: Ndiyo ninachosema! Mnamlaumu Rhaenyra kutuma joka moja, mume wake ana joka Caraxes na yuko Harrenhal anapiga stori na mizimu. Baba mkubwa alisema makosa ya Rhaenyra, mimi nasema yule alitumia alichokuwa nacho, mwenye silaha alikasirika akaondoka nyumbani

[20:03] Afande Mzee: Hilo la Caraxes nalikubali. Askari aliyetoroka kambi. La upelelezi silikubali, Moondancer, joka la Baela, ni mdogo na ana kasi, angetumwa kwanza aone msituni kuna nini

[20:05] Shamim: na Vhagar amdake yeye? Rhaenys angekubali hilo?

[20:11] Afande Mzee: Kupeleleza hushuki chini. Unapita juu sana

[20:12] Juma Busia: mjomba anapanga operesheni kabisa 😂

[20:14] Shamim: Na kuhusu Aemond, Juma, rudia ile sehemu kabla hajatoka msituni. Cole alimtegemea atoke, yeye anatazama juu tu kaka yake anachanwa. Mtu anayetaka kuokoa hakai hivyo

[20:16] Juma Busia: nitarudia VJ akiitafsiri

[20:17] Shamim: VJ atakwambia hivyohivyo

[20:21] Shangazi Rehema: Flashi yangu iko wapi? Maneno nimeshiba, nataka kuona jicho la lile joka

[20:22] Swaibu: Kesho shangazi nakuletea mpaka mlangoni

[20:24] Mama Shamim: Swaibu kabla ya kesho, mwenye duka amenipigia, anasema leo umefungua saa nne na bado ulikuwa umelala juu ya kaunta

[20:24] Swaibu: *[Ujumbe huu umefutwa]*

[20:25] Afande Mzee: Jumatatu ijayo saa kumi kasoro dakika tano niamsheni. Pigeni simu ndogo, ile kubwa inalala na mke wangu